Matembezi ya Kipupwe katika Misitu ya Rungwe

Jamaa wengi wa Kiislamu, wapatapo likizo ya shule, hawafikiri ila mambo mawili: kwenda pwani kuwaona wazee, au kukaa nyumbani. Hatulaumu la kwanza wala la pili, kwani kuunga udugu ni wajibu, na mwenye mfuko mwepesi hana budi kukaa kwake. Lakini kwa yule awezaye kusafiri walau mara moja katika miaka michache, twapenda kumtajia nchi iliyo mbali na bahari, nchi ya baridi na ukungu, ambayo vijana wetu wengi huijua kwa ndizi zake tu zifikapo sokoni. Nchi hiyo ni Rungwe, katika mkoa wa Mbeya, makao ya Wanyakyusa. Tulikaa huko siku sita mwanzoni mwa Juni, jamaa tatu pamoja na watoto wetu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Tokea Mbeya hata Tukuyu ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Gari huiacha njia kuu ya Dar es Salaam pale Uyole, ikashika kusini, ikapanda milima ya Poroto penye mashamba ya viazi na pareto, halafu ikaanza kuteremka. Hapo ndipo macho hufunguka. Mtu aliyetoka Dodoma au Singida katika mwezi huo ameacha nyuma nchi iliyokwisha kugeuka rangi ya kahawia; hapa kila kilima ni kijani, na kijani chenyewe si cha namna moja: cha migomba ni kingine, cha chai ni kingine, na cha msitu ulioko juu kinakaribia weusi. Mvua za Tukuyu kwa mwaka hupita milimita 2,000, karibu maradufu ya zile za Dar es Salaam. Mwezi wa Juni mvua kubwa zimekwisha, lakini manyunyu hayajui kalenda. "Hapa," alituambia mzee mmoja kituoni, huku akitazama viatu vya watoto wetu, "jua ni mgeni kama ninyi."

Sababu ya rutuba hiyo iko chini ya ardhi. Mlima Rungwe, ambao kilele chake chafikia mita 2,960 hivi juu ya bahari, ni volkano, na majirani zake Ngosi na Kyejo ni volkano vilevile. Wataalamu wa miamba wasema kwamba mlipuko mmoja mkubwa wa Rungwe ulitokea yapata miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga majivu na mawe mepesi juu ya nchi yote iliyouzunguka. Na kwamba Kyejo ulitapika uji wa moto karibu na mwaka 1800, yaani zamani za babu wa babu zao hawa tuliokuwa tukisalimiana nao njiani. Majivu hayo ndiyo udongo wa leo. Joseph Thomson, kijana Mskoti aliyepita huku mwaka 1879 baada ya mkuu wa msafara wake kufariki njiani, aliisifu mno nchi hii katika kitabu chake, migomba yake na unadhifu wa nyumba zake, hata akaifananisha na ile nchi ya heri ya washairi wa Kiyunani. Wasafiri ni wepesi kusifu nchi wasiyoilima. Hata hivyo, katika jambo hili hatuoni kwamba alitia chumvi nyingi.

Jambo moja lilitufurahisha ambalo halimo katika vitabu vya watalii. Kibla cha mtu aliyeko Tukuyu ni kaskazini, akielekea kidogo mashariki. Na mlima Rungwe, ukiutazama kutoka mjini, umesimama upande huo huo. Hivyo musafiri aliyeko mjini Tukuyu siku isiyo na ukungu hana haja ya dira: auelekee mlima. Kijana wetu mmoja, ambaye haamini neno lolote mpaka simu yake ithibitishe, alipima mara tatu, na mara ya tatu akaiweka simu mfukoni bila kusema kitu. Twaongeza tahadhari kwamba kanuni hii ni ya Tukuyu peke yake. Aliyelala Kinyala, kama tulivyolala sisi, au aliyeko upande wa pili wa mlima, asiitumie, maana kwake mlima uko kwingine.

Naam, tulilala katika kata ya Kinyala, nyumbani kwa familia moja ya Kinyakyusa ambayo mmoja wetu alipata kufanya kazi na mkubwa wao. Ni Wakristo, kama walivyo watu wengi wa Rungwe. Wamisionari wa Kijerumani walifika huku mwaka 1891 na shule zao zikashika mizizi. Jioni ya kwanza mama wa nyumba alikuja na jogoo hai mikononi, akamkabidhi mkubwa wa msafara wetu pamoja na kisu, akasema, "Baba, mchinje mwenyewe, ili watoto wale bila wasiwasi." Hakuna aliyemwagiza. Sufuria nazo alikuwa amekwisha kuzisugua kwa majivu kabla hatujafika. Katika nchi yetu jambo hili si geni, lakini halichoshi kulitaja.

Kuku huyo aliliwa pamoja na mbalaga, yaani ndizi zilizopikwa kwa namna ya wenyeji, na maziwa ya mgando yaliyotoka katika kibuyu. Watoto wetu waliozoea ndizi za kukaanga waliionja mbalaga kwa mashaka, wakarudia mara ya pili, na siku ya tatu walikuwa wakiulizia. Asubuhi walijifunza salamu. Kwa mwenzako wasema "Ugonile", na kwa mkubwa au watu wengi wasema "Mugonile", neno litokanalo na kulala, kana kwamba wauliza, je, usiku umekupitisha salama? Asante ni "ndaga", na asante sana ni "ndaga fijo". Kwa maneno hayo machache watoto walizunguka kijiji kizima wakirudi na parachichi mikononi. Mwanamke wa Kinyakyusa amsalimupo mtu mzima huchutama kidogo, na mtoto hampiti mzee bila salamu. Binti zetu waliliangalia jambo hilo kwa makini kuliko mahubiri yetu yote ya nyumbani.

Lakini neno la Kinyakyusa tuliloona lafaa kuchukuliwa nyumbani ni ukwangala. Kulifasiri si kazi rahisi. Ni kukaa pamoja na wenzako kwa furaha na adabu, kuzungumza, kula pamoja, kuonyana na kuchekeshana. Na mtu asiyejua ukwangala, hata awe na ng'ombe wengi namna gani, hahesabiwi kuwa ameelimika. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanachuoni waliokaa huku kuchunguza mila baina ya mwaka 1934 na 1938, walilipa neno hili uzito mkubwa, na Bibi Monica alipotoa kitabu chake mwaka 1951, mumewe akiwa amekwisha kufariki, alikiita Good Company, akilifuata neno hilohilo. Ndani yake aeleza desturi ambayo kwa ajabu yake haina mfano mwingi duniani. Zamani vijana wa kiume walipofika umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala katika nyumba za baba zao, wakajijengea vibanda pembeni, rika moja pamoja. Chakula walikuja kula kwa mama zao, tena kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Vibanda vikawa nyumba, nyumba zikawa kijiji. Wakaoa humo, na wakaishi humo na rika lao hata uzee. Na wakati ulipofika, katika sherehe iitwayo ubusoka, kizazi cha baba kilikabidhi uongozi wa nchi kwa kizazi cha wana.

Mojawapo ya sababu za desturi hiyo ilikuwa heshima. Mke wa mwana hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani hujificha au hujifunika nguo. Hatuwezi kusema kwamba sisi twafika huko, wala sheria yetu haidai hivyo. Lakini shabaha yake, yaani kuiwekea haya nyumba iliyojaa watu, haikuwa ngeni kwetu hata kidogo.

Vijiji vya marika havipo tena. Ardhi imekuwa haba, shule imewagawa watoto kwa madarasa badala ya marika, na kijana apatapo nguvu huenda Mbeya au Tunduma kutafuta fedha. Mwenyeji wetu, aliyezaliwa baada ya desturi hiyo kwisha kudhoofika, alisema kwamba baba yake alimsimulia habari zake "kama mtu asimuliaye nchi aliyohama". Wanawe wawili wako mbali. Wa tatu, kijana wa miaka 19, alikuwa pale barazani na simu yake. Hatukupenda kumhukumu, maana vijana wetu watatu walikuwa wameketi kando yake, kila mmoja na ya kwake. Ila usiku wa tatu umeme ulikatika, na simu zikazimika moja baada ya nyingine. Kijana huyo akaanza kuwasimulia wenzake juu ya ing'oma, ngoma ya wanaume wa Kinyakyusa, mavazi yake na filimbi zake. Akasimama kuwaonyesha hatua. Walicheka hata saa tano. Kama huo haukuwa ukwangala, hatujui ukwangala ni nini.

Siku ya nne tulipanda msituni. Msitu wa mlima Rungwe, wenye zaidi ya hekta 13,000, ulitangazwa mwaka 2009 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, nao uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hivyo huingii bila kibali na kiongozi wa njia. Njia ijulikanayo zaidi ya kwendea kileleni huanzia upande wa Isongole. Sisi hatukuazimia kilele, kwa kuwa tulikuwa na watoto. Tulipanda saa tatu tu, na saa tatu zilitosha. Kwanza ni miti mikubwa iliyovikwa ndevu za kijivu zinazoning'inia, na chini yake kangaga ndefu kuliko mtu. Halafu mianzi, iliyosongamana hata mchana ukawa alasiri. Maji yalisikika kila mahali, na mara nyingi hayakuonekana. Kiongozi wetu alitwambia tusimame, tunyamaze. Watoto sita wakanyamaza kwa muda wa dakika kumi, jambo ambalo hatujapata kuliona tangu wazaliwe.

Tuliyekuwa tukimngoja ni kipunji. Kisa chake chastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Kipunji ni kima wa rangi ya kahawia, mwenye mkia mrefu na shungi la manyoya yaliyosimama juu ya kichwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina lake tangu zamani. Lakini katika vitabu vya elimu ya wanyama hakuwamo. Januari 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walipokuwa wakiwauliza wanakijiji juu ya wanyama wa msituni, walilisikia jina hilo. Hawakujua kama waamini au wasiamini, kwa sababu Wanyakyusa wana hadithi nyingi za wanyama wa msituni, wengine wa kweli na wengine wa mizimu. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, walimwona waziwazi. Mwaka 2004 watafiti wengine, bila kujua habari za Rungwe, wakamwona kima huyohuyo mbali huko katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 ulimwengu ukatangaziwa. Mwaka uliofuata, baada ya kuchunguzwa mzoga wa mmoja aliyenaswa na mtego wa mkulima katika mlima huu, ilionekana kwamba hafanani vya kutosha na jamaa yoyote ya kima iliyojulikana, akapewa jamii yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima. Jambo la namna hiyo kwa kima wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu mwaka 1923.

Twawaomba vijana wasomao ukurasa huu waliangalie jambo hilo vizuri. Hao waliosemwa kuwa hawakusoma ndio waliokuwa na habari, na waliosoma ndio waliokuja kuuliza. Sifa ya watafiti hao ni kwamba waliuliza, kisha wakaenda kutazama.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata vipunji 1,117 tu, wote katika Tanzania, katika misitu hii ya Rungwe na Livingstone pamoja na ule wa Udzungwa. Shule nyingi za mjini zina wanafunzi zaidi ya hao. Sisi hatukumwona. Tulisikia mlio mmoja mzito uliotoka juu ya bonde, mfano wa honi ya gari kuukuu ikibweka, na matawi yakatikisika ng'ambo. Kiongozi akainua kidole. Basi. Mtoto mdogo kuliko wote alitaka kulia, na mkubwa wao akasema, kwa busara ambayo hatukumfundisha, kwamba amwonaye kila mtu si adimu.

Tulipokuwa tukishuka tulipumzika kando ya shamba la mahindi linalopakana na msitu. Mama mwenye shamba alitusalimu vizuri, akauliza tumetoka wapi na tumefuata nini. Tulipomweleza alicheka, lakini si kwa furaha. "Ninyi mwaja kumtazama," alisema. "Mimi naamka alfajiri kumfukuza." Alituonyesha mabua yaliyovunjwa. Hatukuwa na jibu. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kumpenda mnyama asiyekula chakula chake. Fedha za wageni humfikia kiongozi wa njia na ofisi itoayo vibali. Mama huyu ana watoto wanne na nusu eka. Kiongozi wetu hakubishana naye. Alisema tu kwamba bila msitu hakuna mto, na mama akajibu kwamba analijua hilo, lakini mto hauli mahindi. Tulinunua viazi vyake vyote vilivyokuwa kikapuni, kwa bei aliyoitaja.

Usiku huo mazungumzo yalielekea huko. Mwenyeji wetu alieleza kwamba zamani misitu mingine midogo haikuguswa na shoka kwa sababu ilikuwa ya matambiko. Machifu walizikwa humo, na mashuhuri kuliko yote ni Lubaga, mahali pa Lwembe, ambaye watu waliamini kwamba mvua na uzazi wa nchi vimefungamana naye. Mtu hakuthubutu kukata hata kijiti. Sisi hatuna sehemu katika matambiko. Mwislamu akikosa mvua husali sala ya mvua, akamwomba Mola wake. Lakini yatupasa kuwa waadilifu. Hofu ile ilifanya kazi ya mlinzi, bila mshahara, kwa miaka mingi. Kanisa na msikiti na shule vimeiondoa, na vilifanya haki kuiondoa. Mwenyeji wetu, ambaye ni mzee wa kanisa lake, aliuliza, "Sasa sisi tuliowaambia watu wasiogope, tumewaambia nini juu ya miti?" Aliuliza akitutazama sisi na yeye mwenyewe kwa jicho moja.

Mambo mengine ya safari twayapitia kwa haraka. Daraja la Mungu, juu ya mto Kiwira, ni jiwe lililovuka mto kwa kitao, lililofanywa na uji wa volkano ulipopoa juu ya maji. Na si mbali na hapo, karibu na Chuo cha Magereza, pana Kijungu, mahali ambapo mto wote huingia katika tundu la mwamba ukachemka kama chungu. Watoto wadogo washikwe mikono, tena washikwe kweli. Ziwa Ngosi, lililo ndani ya shimo la volkano katika milima ya Poroto, lataka kupanda kwa miguu katika msitu wenye utelezi. Ukifika ukingoni waliona chini sana, la kijani na kimya, na wenyeji husema umbo lake ni la bara la Afrika. Sisi tuliona ukungu kwa nusu saa, na Afrika kwa dakika tano.

Ziwa Masoko, upande wa kusini wa Tukuyu, ni dogo na la mviringo. Kando yake Wajerumani walijenga boma la mawe, na wenyeji husimulia kwamba waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa dhahabu yao ziwani. Watoto wetu walitaka kuogelea papo hapo. Tulitumia nafasi hiyo kuwaeleza historia nyingine isiyo na dhahabu. Si mbali sana na hapa, huko Karonga iliyo sasa katika Malawi, wafanya biashara wa Kiswahili chini ya Mlozi waliwaangamiza Wangonde wengi mwaka 1887, hao Wangonde ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na nasaba, kwa ajili ya biashara ya watumwa na pembe; vita vikaendelea mpaka Mlozi akanyongwa mwaka 1895. Watu hao walikuwa na majina kama yetu, wakafunga na kusali kama tufungavyo na kusali. Hatukuona sababu ya kuwaficha watoto jambo ambalo wenyeji wao walijua. Kijana mmoja aliuliza iwapo mama aliyetupa jogoo alikuwa na habari hiyo. Tukamwambia bila shaka anayo.

Chai tuliiona siku ya mwisho, tulipopita Katumba kwenye kiwanda. Ilianza kupandwa Rungwe na Wajerumani mwaka 1904, na sasa sehemu kubwa yake ni ya wakulima wadogo, kila mmoja na kipande chake. Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, kwa mikono yote miwili, upesi kuliko macho kufuata. Binti yetu mmoja alijaribu kwa robo saa akapata kiasi cha kutosha birika moja.

Kwa wanaotaka kufuata njia hii: nendeni baina ya Juni na Oktoba, kwa kuwa wakati wa masika njia za msituni hazipitiki na watoto. Chukueni sweta kwa kila mtu, hata mkitoka mahali pa joto na kuona ni mzigo wa bure, viatu vyenye meno, na mkeka wa kusalia usiopitisha maji, maana ardhi ya huko haikauki. Mjini Tukuyu pana nyumba za wageni za bei ndogo, na daladala za kwenda na kurudi Mbeya hazikosekani mchana kutwa. Vibali vya msitu vitafutwe siku moja kabla. Na ndizi za kununua njiani mwaweza kuzipata kwa bei nafuu zaidi kabla ya Kiwira kuliko baada yake, hasa mkizisalimu kwanza kwa Kinyakyusa, yaani mkimsalimu aziuzaye.